Kiti cha Mgeni kwa Mama Konsolata

Nyinyi mnaosoma sekondari, mnaokaa peke yenu saa ya kula huku mkijifanya mnaangalia simu, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Wazee wenzangu wakiyasoma si vibaya, labda watakumbuka mengine niliyosahau. Someni polepole. Sitawabembeleza, maana mimi sikubembelezwa.

Juzi mvua ilikatika asubuhi, nikapita kwa jirani yetu anayesuka mikeka. Alikuwa amelowesha ukangaga, yale majani marefu ya bondeni, na harufu yake ilikuwa imejaa ua mzima: matope, majani yaliyoanza kukauka, na kitu kama moshi wa mbali. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwambia hapana, nikaenda zangu. Lakini siku nzima pua yangu ilikuwa kwingine, kwenye ua wa watu ambao karibu wote wamekufa.

Tulihamia Gisenyi, Rwanda, mimi na Papa baada ya mama yangu kufa Bukavu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu hivi. Tulifikia kwa Shangazi Zaituni, dada mkubwa wa Papa, katika mtaa wa Waswahili. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Papa alikuwa fundi wa nguo. Aliweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, akashona kuanzia asubuhi mpaka giza lilipomzuia kuona sindano. Tangu mama afe alikuwa anashona kama mtu anayekimbizwa.

Mji ulikuwa mdogo na mzuri, hilo siwezi kukataa. Chini kulikuwa na ziwa, na barabara ya Wazungu yenye maua ambako watoto kama sisi tulipita bila kusimama. Usiku mlima wa volkano ulikuwa mwekundu juu, upande wa Goma, na mimi kwa akili yangu ya kitoto niliamini kuna mwanamke kule juu ambaye hana mtu wa kuongea naye, ndiyo maana hazimi moto akalala. Nilimhurumia sana. Sikufikiria kwamba nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kwa masera, wale watawa wa kike, waliokuwa na chumba cha kufundishia wasichana kushona na kufuma. Chumbani hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Maongezi yalikuwa ya njiani, na njiani wenzangu walisema Kinyarwanda haraka haraka, mimi nikidaka neno hapa na pale. Hawakunitukana. Ningetukanwa ningejua la kufanya, maana Bukavu tulikuwa tunatukanana vizuri. Walinisalimia, wakaniuliza habari za nyumbani, kisha wakaendelea na yao. Mchana, wote waliongozana kwenda kwa Mama Konsolata, nje kidogo ya mtaa wetu, njia ya Rugerero, baada ya migomba. Huko ndiko wasichana wa rika langu walikaa pamoja kusuka mikeka. Kwa Wanyarwanda mahali kama pale pana jina, urubohero, na msichana asiye na pa kukaa kusuka na wenzake ni kama hana kwao. Mimi nilishika njia ya mtaani, peke yangu, na sindano zangu mkononi.

Nikifika barazani nilikaa chini ya meza ya cherehani. Papa alikuwa ananiachia vipande vya nguo vilivyobaki, nami nikavipa majina. Kile cha maua mekundu kilikuwa Mariamu, jirani yetu wa Bukavu. Cha bluu kilikuwa Fatuma. Cha kaki, kilichobaki kwenye kaptula ya askari mmoja, kilikuwa kaka yake Fatuma, mchokozi asiyeambilika. Niliongea nao, nikawagombanisha, nikawapatanisha. Msichana mkubwa, anayejua kusonga ugali wa nyumba nzima, anaongea na vitambaa. Sikujua kwamba kule juu yangu Papa alikuwa anapunguza mwendo wa cherehani ili asikie.

Jioni moja nilimsikia akimwambia Shangazi, "Mvua hizi zikiisha nitamrudisha Bukavu kwa mjomba wake. Hapa atapotea akili."

"Kwa mjomba wake, yule mke wake atamfanya mtumishi," Shangazi akasema.

"Angalau atakuwa na wenzake."

"Huyu mtoto haumwi. Hana watu wa kukaa nao, basi. Niachie mpaka mvua ziishe."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilichoelewa ni kwamba Papa amechoka nami. Niliona ni haki yake, kwa kuwa nilifanana na mama, na huenda kila akiniangalia roho ilimuuma. Basi nikajua: nisipopata wenzangu kabla mvua hazijaisha, nitapandishwa meli ya Goma kurudi Bukavu, na nitampoteza Papa kama nilivyompoteza mama, tofauti ni kwamba huyu atakuwa hai.

Shangazi alianza kazi kesho yake, kwa njia anayoijua yeye. Alinipaka mafuta, akanisuka, akanivalisha gauni la Idi na viatu. Akakaanga maandazi, akayapanga kwenye kikapu, akafunika na kitambaa cheupe. "Nenda kwa Mama Konsolata. Sema nimekuja kuwasalimu. Usiketi mpaka uambiwe."

Niliambiwa mara moja. Mama Konsolata alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na nilipotokea kwenye migomba sauti ile ilishuka. Akaniletea kiti cha miguu mitatu, akakipangusa kwa kitenge chake. Wasichana walikuwa chini, miguu imenyooshwa, mkeka mrefu mapajani mwao. Waliacha kusuka. Konsolata mwenyewe, binti wa nyumba, mrefu, mwenye pengo mbele, akapokea kikapu kwa mikono miwili, akakiweka juu kabisa, palipowekwa vibuyu.

"Karibu sana," Mama akasema. "Papa iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na Shangazi?"

"Iko muzima pia."

"Imana ishukuriwe," akasema, yaani Mungu.

Wakaniletea ubushera, uji mwepesi wa mtama, kwenye kikombe cha bati pekee walichokuwa nacho. Nilikunywa, wao wakaangalia mikono yao. Hakuna aliyegusa maandazi. Nilipoaga walinisindikiza mpaka mwisho wa ua, na nilipokwisha kupita migomba, nyuma yangu nikasikia vicheko, na vishindo, na mtu akipiga kelele kama anafinywa. Nilitembea haraka, viatu vikinibana.

Lakini Shangazi aliponiuliza, nilimwambia wamenipenda, wamenipa kiti. Niliamini hivyo. Mtu asiyetaka kukuona atakupangusia kiti? Vicheko nilivimeza, sikuvisema. Nikarudi tena na tena, kila mara na kikapu, na kila mara kiti kilitoka, sauti zikashuka, kikapu kikapanda juu kwenye vibuyu. Mikono yangu ilikaa mapajani bila kazi. Nilijifunza sura ya kila msichana kutoka juu, yaani utosi wa kila mmoja, maana mimi nilikuwa kitini na wao chini. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa juu ya kile kiti, hata kwa vitambaa vyangu.

Nikafikiria labda kama na mimi ningesuka. Nikaokota ukangaga njiani, nikajaribu nyumbani, nikatoa kitu cha ukubwa wa sinia, kimepinda huku na huku. Nikawapelekea. Walikipitisha mkono kwa mkono. "Muzuri," akasema mmoja. "Muzuri sana," akasema mwingine. Konsolata alikishika kwa mikono miwili kama alivyoshika kikapu, akanirudishia. Siku ile nilikimbia mpaka nyumbani kwa furaha.

Shangazi alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Jua lilipita katikati. "Hii walisema ni nzuri?"

"Wote."

Akanitazama. Kisha akachukua kanga yake, akasema, "Nifuate."

Mama Konsolata alikuwa peke yake, anachambua maharage. Shangazi hakungoja kiti.

"Mama Konsolata, mtoto wangu amewakosea nini?"

"Hajatukosea kitu."

"Mbona mnamdanganya? Mkeka huu hata kuku hataki kuulalia."

Mama Konsolata aliuchukua, akauangalia, akaanza kucheka mpaka akajifuta macho. "Iko mubaya, kweli. Lakini ni ya mugeni. Mugeni nitamwambia nini?"

"Siku zote hizi bado ni mgeni?"

"We ndiyo unamuleta mugeni, Zaituni. Viatu, mafuta, kikapu na kitambaa juu. Kama bibi-arusi. Mutu kama huyo mi nitamupa kazi gani? Nimutume bondeni, kwa matope?"

"Hata maandazi yake, anasema hamyagusi. Semeni tu hamtaki chakula cha Waislamu."

"Wasichana wakubwa namna hii watafune mbele ya mugeni? Yewe. Nyinyi Waswahili munakula njiani, sisi tulifundishwa kuona haya."

"Sisi hatuli njiani," Shangazi akasema, shingo imesimama. "Tunakula barazani."

"Na baraza iko wapi, kama haiko njiani?"

Nilidhani watapigana. Shangazi aliuma midomo, na nikaona kwamba anajizuia kucheka, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mama Konsolata akasogeza ungo wa maharage. "Bon. Unataka mutoto aheshimiwe, ama azoeleke? Kama ni kuzoeleka, usimulete tena. Umutume."

"Nimtume nini?"

"Kitu unakosa."

Njia nzima, najua, Shangazi alikuwa anafikiria anakosa nini. Alikuwa mwanamke aliyejivunia kutokosa: chumvi ipo, kiberiti kipo, mafuta ya taa yapo. Nyumba yake haikuwahi kuomba kwa jirani.

Kesho yake, niliporudi kutoka kwa masera, nilimkuta amesimama jikoni na kopo la maji. Mbele yangu akamwaga yote kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Majivu yakaruka mpaka kwenye nywele zake.

"Moto umezimika," akasema. "Nenda ukaombe kwa Mama Konsolata."

"Shangazi, umeuzima wewe."

"Nimekuuliza nani ameuzima?"

"Na kiberiti..."

"Nyumba hii haina kiberiti." Akaketi kwenye kigoda, na nilikisikia kiberiti kikipasuka chini yake. "Vua viatu. Vaa kile kikwembe cha kuchotea maji. Na usibebe kitu."

Nilikwenda nikilia. Kwa Wanyarwanda kwenda kuchukua moto kwa jirani ni jambo la kila siku, lina neno lake, kurahura. Lakini kwetu Bukavu, mimi nilijua anayeomba moto ni maskini aliyeshindwa hata na kiberiti. Niliona Shangazi ameamua kunivua nguo mbele ya watu.

Nilipotokea kwenye migomba, hakuna aliyeinuka. Mama Konsolata hakushusha sauti.

"Unataka nini?"

"Moto."

"Moto iko jikoni. We huna mikono?"

Niliingia jikoni kwao kwa mara ya kwanza, kwenye moshi. Nikachukua kaa kwa majani makavu, nikatoka nimenyoosha mkono mbali na mwili. Upepo wa ziwani ukayawasha yote mara moja, nikatupa chini na kuruka. Wasichana wakacheka. Safari hii walicheka usoni pangu, mdomo wazi.

"Mutazame Bukavu," Konsolata akasema. "Anabeba moto kama anabeba nyoka."

"Nyoka angekuwa amefika nyumbani," mwingine akasema, Anastaziya, mdogo kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote.

"Kuja hapa. Kaa chini. Tukimaliza huu mustari nitakuonyesha. Shika hapa, ukaze. Usiachilie."

Nilikaa chini, nikashika ncha ya ukangaga uliolowa, nikaikaza. Maji yake yalinichirizika mpaka kwenye viwiko, na harufu ile ikanikaa mwilini. Walisahau kwamba nipo. Waliongea juu ya kichwa changu, wakagombana, Anastaziya akaimba vibaya akaambiwa anyamaze. Baadaye Konsolata alinifungia makaa kwenye kigae na majivu juu yake, akanisukuma mgongoni. "Tembea. Usikimbie kama mwizi."

Nilifika na moto. Nikamwambia Shangazi kwamba sasa wamenidharau: wameniketisha chini, wamenicheka, wamenituma. Shangazi akapuliza makaa, akasema, "Haya."

Kesho yake moto ukazimika tena. Na siku iliyofuata. Jikoni kwetu kulikuwa na tope la majivu, Papa akauliza kama bati linavuja. Kila mchana nilipita migomba na kigae changu, na kila mchana nilipewa kitu cha kushika, cha kulowesha, cha kupanga kwa urefu. Hakuna aliyeniuliza habari za Papa. Nilikuwa naisubiri ile heshima irudi, kama mtu anayengoja mvua iache.

Siku moja Konsolata alinisogezea ukingo wa ule mkeka mrefu. Alisuka kipande, akaniachia. "Endelea."

Niliendelea mchana wote. Sikuinua kichwa. Niliona kama vidole vyangu vimeelewa, na nilipomaliza sehemu yangu nilingoja lile neno, muzuri sana. Konsolata aliinama akaangalia. Akapitisha kidole. Kisha akaanza kufumua. Alifumua mstari kwa mstari mpaka pale nilipoanzia, mbele ya wote, na wengine wakaendelea kusuka kama vile hakuna kinachotokea.

Nikaacha kigae changu pale, nikakimbia.

Nilimwambia Shangazi, "Zamani walinipenda, umewaharibu wewe." Halafu nikaenda barazani, nikasimama mbele ya cherehani nikasema, "Papa, nirudishe Bukavu."

Papa aliondoa mguu kwenye kikanyagio. "Kweli?"

"Kweli."

Mvua zilikuwa zimeshaanza kupungua. Alitoa sanduku la mama, akapanga nguo zangu, akalifunga kwa kamba. Nilitamani akatae. Nilimtazama anavyokaza lile fundo kwa mikono miwili, nikajiambia, unaona, alikuwa anangoja useme wewe. Shangazi hakubisha. Aliwasha moto wake kwa kiberiti, nikajua amekata tamaa.

Siku zilizobaki sikwenda hata kwa masera. Nilikaa nyuma ya nyumba nikisikiliza kuku.

Mchana wa kuamkia safari, Konsolata alisimama mlangoni kwetu. Matope yalimfika magotini. Hakupiga hodi.

"Bukavu iko?"

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kile kiti kizuri kilichokaa ukutani. Mkono ukasimama hewani. Ukageuka, ukachukua ungo wa mchele, ukamkabidhi Konsolata. "Mchele una mawe mengi. Chambueni."

Konsolata akaketi chini palepale, akaanza kuchambua kana kwamba hilo ndilo lililomleta. Nami nikaketi upande wa pili wa ungo, maana nifanye nini.

"We ulienda wapi?" akaniuliza.

"Umefumua kazi yangu."

"Ilikuwa mubaya."

"Ule wa kwanza ulisema muzuri."

"Ule ulikuwa ya kwako, ungejua mwenyewe pa kuutupa. Huu iko ya kwetu sote. We ukipinda, mi nitapokelea wapi? Na Anastaziya atapokelea wapi?" Alitupa jiwe mlangoni. "Sasa wote wanasema nimekufukuza. Mama amenisemesha mpaka masikio yanauma. Kesho tunaenda bondeni kukata ukangaga. Muzigo yako unafikiri nani atabeba?"

"Kesho nakwenda Bukavu."

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. "Kufanya nini?"

"Kukaa."

Hakusema nisiende. Watu wa kwao hawaombi namna hiyo. "Na mukeka?" akasema. Halafu, akiangalia ungo: "Na maandazi?"

"Maandazi yetu hamuli."

"Nani alikuambia? Tunangoja upite migomba, ndiyo tunapigana. Anastaziya aliniuma kidole. Tazama."

Akanionyesha kidole. Kulikuwa na alama kweli. Nikakumbuka vile vicheko, na vile vishindo, na ile sauti ya mtu anayefinywa, vitu vilivyonifuata njiani siku zote na kunikalia kifuani usiku. Nilianza kucheka. Sikuwa nimecheka tangu Bukavu, na kicheko kilinitoka kibaya, kama kikohozi, mpaka mchele ukamwagika na Konsolata akanipiga mkono. "Okota. Wewe ndiyo umemwaga." Nikamwambia yeye ndiye aliyesukuma. Tukaanza kubishana, yeye kwa Kinyarwanda, mimi kwa Kiswahili cha Bukavu, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize.

Nilipoinua macho, Papa alikuwa mlangoni, futi yake ya kupimia shingoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Alipita kati yetu bila kusalimu, akainamia sanduku, akafungua lile fundo, na lilimpa kazi. Akatoka na kamba uani.

"Dada," akamwita Shangazi, "nyumba hii haina mahali pa kuanikia nguo?"

"Haina," Shangazi akasema, ingawa ilikuwa nayo.

Akaifunga pale, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye mpapai, akarudi barazani kwake. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi mwanamke mzima mwenye watoto, ndipo aliponiambia habari ya kupunguza mwendo wa cherehani. Alisema siku alizonisikia naongea na vitambaa alishona mikono ya mashati kinyume. Na mimi nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani alitaka kunipeleka kwa sababu amechoka.

Kesho yake nilikwenda bondeni. Ruba walinishika miguuni, mzigo ukanilemaza shingo, na Anastaziya akaniita mzee. Nilipewa ukingo wa mkeka tena, ukafumuliwa tena, nikafumuliwa mpaka nikajua. Kile kiti cha miguu mitatu sikukikalia tena mpaka siku nilipokwenda kuwaaga nikiwa mchumba wa mtu.

Msidhani upweke uliisha siku ile. Mtu aliyefiwa na mama hukaa katikati ya wenzake, akacheka nao, kisha jua likizama akabaki na lake. Vile vitambaa niliendelea navyo kwa muda, kwa siri. Kisha miaka ilikuja ikatutawanya. Anastaziya alivuka mpaka na watu wake, sikumwona tena, wala sikusikia alipoishia. Konsolata aliolewa Nyakiriba kwenye mashamba, tukawa tunaonana siku za soko, tunagombana juu ya bei ya viazi tusivyonunua, mpaka naye akafariki. Kati ya wale wa ule mkeka, hapa nimebaki mimi. Sina mtu wa kuniambia nimepinda.

Sasa nyinyi. Mnataka marafiki wazuri, nasikia mnalia kwa ajili hiyo, na mama zenu wanawanunulia viatu na simu ili mkubaliwe. Nendeni mahali wenzenu wanafanya kitu chenye faida, mshike ncha. Mkicheka na mkichekwa, kaeni. Anayesifu kila unachofanya bado hajakufungulia mlango. Anayekwambia kazi yako mbaya, kisha akasogea ukae karibu naye uirudie, huyo usimkimbie kama nilivyokimbia mimi, maana si kila mtu atafuatwa mpaka kwao na msichana mwenye matope magotini.

Mjukuu wangu Zuhura alianza sekondari mwaka huu, shule ambayo hamjui mtu. Alikaa siku nyingi bila kumtaja mwenzake hata mmoja, nami sikuuliza. Jumamosi iliyopita akaja na msichana mmoja wa darasa lao, mrefu, mwenye haya, amesimama mlangoni hajui mikono yake aiweke wapi. Nyumba yangu yote ikainuka. Mama yake Zuhura akakimbilia sebuleni kupangusa kochi, kijana akatumwa soda, mwingine akatoa zile glasi za kabatini. Msichana wa watu akazidi kukaza shingo, na Zuhura wangu akaanza kuona aibu na kusema naye kama karani.

Nikawaambia watu wa nyumba yangu: rudisheni glasi kabatini. Soda isije. Huyu mtoto mpeni kisu, aketi chini na Zuhura wamenye viazi, na akimenya vibaya mwambieni.